Tshopo: Kuuza nyumba Isangi, komisioneri gani wa kuamini?

Isangi, mji ulio pale mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, hauko mbali sana na Kisangani kwenye ramani. Lakini kwa mtu anayekaa Kisangani na kuuza nyumba ya familia Isangi, safari ya mtoni inatosha kumfanya amwachie mtu mwingine kazi yote. Mtu huyo ndiye komisioneri. Anatafuta mnunuzi, anaonyesha parseli, anapatanisha bei. Tatizo linaanza pale mwenye nyumba anapomwachia pia mambo ambayo sheria haimpi.

Sheria ya Kongo inatenganisha wazi kutafuta mnunuzi na kuuza. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado inatumika, inasema mtu aliyepewa mamlaka ya jumla anaweza kusimamia mali tu. Ili auze, lazima apewe ruhusa inayotaja mauzo yenyewe. Kwa hiyo neno « nitafutie mtu » lililosemwa kwenye simu halimpi komisioneri haki ya kutia sahihi wala kupokea bei ya nyumba.

Swali la kwanza analouliza

Komisioneri mzuri anajulikana kwa swali lake la kwanza. Anayeanza na « unataka dola ngapi? » anafikiria faida yake. Anayeanza na « karatasi ziko kwa jina la nani? » anafikiria mauzo yatakayodumu.

Swali hilo ni zito. Kulingana na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya serikali. Raia ana haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji, kile ambacho wengi wanakiita certificat d'enregistrement. Karatasi ya shefu wa kata au ya mauzo ya zamani inaonyesha historia ya parseli, lakini haichukui nafasi ya cheti.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawalifahamu. Ikipita miaka 2 tangu cheti kitolewe, haki ya aliyeandikwa humo haiwezi tena kubatilishwa. Anayelalamika anabaki kudai fidia. Ndiyo sababu komisioneri anapewa kopi peke yake. Karatasi halisi zinabaki mikononi mwa mwenye nyumba mpaka siku ya kutia sahihi.

Komisioneri mwenye akili anauliza pia kuhusu familia. Sheria ya familia, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kuuza nyumba. Ikiwa ni urithi, kaka mmoja hawezi kuuza sehemu ya dada zake kwa sababu tu yeye ndiye mkubwa. Komisioneri anayesema « tumalize haraka, wengine watajua baadaye » anamtayarishia mnunuzi kesi, na muuzaji deni.

Malipo yanayoficha bei

Namna ya kumlipa nayo inaonyesha mengi. Kuna wanaopatana asilimia fulani ya bei. Kuna wanaosema: « wewe taja bei yako, kitakachozidi ni changu ». Njia hii ya pili inaonekana nyepesi, lakini ina mtego. Tuseme muuzaji anataka dola 5.000 na mnunuzi anatoa 6.500. Dola 1.500 zinabaki kwa komisioneri, naye atafanya kila kitu ili hao wawili wasionane. Siku mauzo yakivunjika, mnunuzi atadai 6.500 kwa mtu aliyepokea 5.000.

Asilimia iliyoandikwa, inayolipwa baada ya mauzo kukamilika, inawaweka muuzaji na komisioneri upande mmoja: bei ikipanda, wote wanapata. Karatasi moja inatosha: jina la komisioneri na anwani yake, bei ya chini kabisa, asilimia yake, na siku ambayo kazi yake inaisha. Kuwapa makomisioneri watano parseli moja bila kuandika hakuharakishi mauzo. Kunafungua mlango kwa wawili kupokea pesa za mwanzo kutoka kwa wanunuzi wawili tofauti.

Pesa yenyewe ipite kutoka kwa mnunuzi hadi kwa muuzaji, mbele ya mashahidi, na mkataba upelekwe kwa notari kisha kwa konsevateri wa hati za ardhi ili jina libadilishwe.

Viongozi wa Isangi nao wana la kufanya. Orodha ya makomisioneri wanaojulikana, ikibandikwa kwenye ofisi ya serikali, haihitaji bajeti kubwa. Ingemsaidia hasa mjane au yatima aliye mbali, ambaye mali yake ya pekee ni nyumba hiyo. Mpaka siku hiyo, muuzaji asiyeweza kusafiri amtume ndugu anayemwamini, akiwa na ruhusa iliyoandikwa, akae mezani na komisioneri.