Heshima Isiwalemaze Wazee

Sisi watu wa mwambao tuna ada njema ya kumtukuza mzee. Akishika ndoo, mjukuu humpokonya. Akitaka kwenda sokoni, huambiwa, "Kaa kitako, baba, tutakwenda sisi." Ada hii ni ya heshima, wala sitaki kuibomoa. Walakini nasema wazi kuwa heshima ikipita kipimo huwalemaza wazee wetu.

Kila nipandapo bara, katika vilima vya Nyeri na njia za kwenda soko la Karatina, huwaona vikongwe wa umri wa mama zetu wakikwea na mizigo mgongoni, ukanda umepita kichwani. Msomaji asidhani nausifu mzigo ule. Marehemu Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alipoanzisha harakati zake za kupanda miti mwaka 1977, shida mojawapo aliyotaka kuiondoa ni ile ya wanawake kufuata kuni mbali. Mzigo usio kiasi huumiza mgongo na magoti. Nisifulo ni fundisho lililomo: msuli utumikao hauchakai upesi.

Wataalamu wanatwambia kuwa mtu akishapita ujana misuli huanza kupungua, na baada ya miaka 60 hupungua kwa kasi zaidi. Ndipo mzee ashindwapo kuinuka, akaanguka, akavunjika nyonga. Lakini mlango haujafungwa. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walieleza habari za wazee wachache wa umri wa miaka 90 hivi, waliozoezwa kuinua uzito kwa miguu muda wa majuma 8. Nguvu za miguu yao zilizidi maradufu. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, liliusia mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa juma, wazee nao wakiwamo.

Sheria yetu imemruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi, na hana lawama. Bali yule asiye na maradhi, aliyenyimwa rukuu na sujudi kwa sababu tu tumemkalisha miaka, lawama ni yetu. Na tunaijua hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, imfadhilishayo muumini mwenye nguvu juu ya dhaifu, ijapokuwa kila mmoja ana kheri yake.

Basi mzee na ainuke kitini mara 10, mwanzo akishika ukuta, kisha bila ya kushika. Na ainue vidumu vidogo vya maji, akiongeza kidogo kidogo. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu na amwone daktari kwanza. Kijana kazi yake ni kusimama karibu, si kumpokonya.

Wenzetu wa Nyeri kilima wanacho mlangoni. Nchi yetu sisi ni tambarare. Kilima chetu itatubidi tukitafute kwa makusudi.