Wanaobuni nembo za vyuo wapewe haki yao

Imekuwa desturi katika vyuo vikuu vyetu kwamba idara inapoanzisha programu mpya ya masomo, huwaendea wanafunzi wa usanifu na kuwaomba waibunie nembo. Tangazo hubandikwa, mashindano huandaliwa, na mshindi hukabidhiwa cheti na kupigwa picha pamoja na mkuu wa kitivo. Waliosalia huambiwa ahsante. Baada ya hapo nembo hutokea kwenye barua, mabango na fulana, wala hakuna popote panapotajwa aliyeichora.

Mimi hufundisha isimu, si uchoraji, na yamkini wapo watakaouliza jambo hili lanihusu nini. Lanihusu kwa sababu nembo ni ishara, na ishara ndizo kazi yangu. Tangu mihadhara ya Ferdinand de Saussure ilipochapishwa mwaka 1916, wanaisimu tumeshikilia kuwa hakuna uhusiano wa kimaumbile baina ya neno na kitu linachokitaja. Neno "mti" halifanani na mti wowote. Mchoraji wa nembo hana nafuu hiyo. Sharti apate umbo ambalo mtu asiyeelezwa lolote atalitazama na kuanza kufahamu.

Chukua programu ya tafsiri na ukalimani. Wengi wetu tukiagizwa kuichora tutaishia kwenye kitabu kilichofunuliwa, mwenge, au daraja. Katika mashindano mamoja niliyoyashuhudia, mwanafunzi mmoja alichora ukili: miyaa ya rangi mbili iliyosukwa pamoja, kila mmoja ukipita juu ya mwenziwe kisha chini yake. Daraja hutuambia kuwa maana huvushwa kama mzigo, ikafika ng'ambo jinsi ilivyotoka. Ukili husema kuwa lugha mbili hukazana, na kwamba ukichomoa mmoja wa miyaa, kazi nzima hufumuka. Hiyo ni hoja ya kinadharia, na nimesahihisha tasnifu ambazo hazikuifikia. Ili aipate, kijana huyo alisoma mtalaa wote na kuwahoji walimu. Kijitabu cha programu kilipotoka, mchoro wake ulikuwa jaladani. Jina lake halikuwemo.

Ajabu ni kuwa sisi hawa hawa ndio tunaomfikisha mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu kwa kunakili aya moja bila kumtaja mwenyewe.

Hujibiwa kwamba mwanafunzi hupata uzoefu. Kuna ukweli hapo. Zoezi la darasani linalotuzwa alama ni sehemu ya mafunzo, na hakuna anayedai alipwe kwa zoezi. Lakini pindi chuo kinapoutwaa mchoro huo ili kuitangaza programu inayotozwa karo, zoezi limekwisha na biashara imeanza. Wengine hutaja kisa cha Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa Portland State University huko Marekani, ambaye mwaka 1971 alilipwa dola 35 kwa alama ya Nike. Wanaokipenda kisa hiki aghalabu hukikatiza hapo. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilimrudia na kumpa hisa zake. Ikiwa wauza viatu waliona haja ya kurudi, walezi wa taaluma wana udhuru gani?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kuwa kazi ikiagizwa, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimeafikiana vingine. Hata hivyo, sheria iyo hiyo humpa mbunifu haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Ni wanafunzi wangapi wamewahi kuelezwa hayo kabla ya kushika kalamu?

Kinachohitajika ni mapatano ya ukurasa mmoja, yatiwe sahihi kabla ya mashindano: mshindi atalipwa kiasi gani, jina lake litawekwa wapi, na michoro isiyoshinda ibaki mali ya wenyewe. Iwapo programu ni ya Kiswahili, mapatano hayo nayo yaandikwe kwa Kiswahili. Na mahali pa kuliweka jina hapahitaji kamati. Patoshe ukurasa wa pili wa kijitabu, karibu na jina la mpiga chapa, ambaye hajapata kusahauliwa kutajwa, wala kulipwa.