Nani Alikula Hela ya Betri?

Wengi mmezoea kuniona katika ukurasa huu nikizungumzia chanjo, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu naomba mnivumilie, kwa maana nataka tuzungumze juu ya betri ya gitaa. Msicheke. Betri hiyo nusura itupotezee kijana wetu mmoja, na mwisho wake imenirudisha palepale kwenye kazi yangu ya uuguzi.

Mimi ni mlezi wa kwaya ya vijana katika usharika wetu. Kazi yangu si kuimba. Natunza sare, napika chai siku za mazoezi na nashika daftari la fedha. Kwaya ina gitaa kavu moja, lile la mbao lenye tundu kubwa katikati. Tulilinunua kwa michango, likiwa limekwisha kutumika. Ubavuni lina kisanduku kidogo chenye vitufe: cha kuongeza sauti, cha kurekebisha besi, na kingine cha kuweka mwangwi, ili hata katika chumba kidogo wimbo usikike kama unaimbwa ndani ya kanisa kubwa. Kisanduku hicho kinatumia betri moja ya mraba ya volti 9.

Mwezi wa Juni tulialikwa kwenye mkutano wa kwaya Makambako, mwendo wa kilometa kama 60 kutoka Njombe mjini. Jumamosi nilimpa mpiga gitaa wetu, kijana wa miaka 17, shilingi elfu sita akanunue betri mpya. Alirudi nayo, akaiweka, na saa 11 jioni tukaanza mazoezi. Gitaa lililia vizuri sana. Tulipomaliza vijana walilitia kwenye mfuko wake, na Jumapili alfajiri tukaondoka na baridi yetu.

Makambako mnaijua. Ni mji wa njia panda, ambapo barabara ya Songea inakutana na barabara kuu ya kwenda Tunduma, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Wageni walikuwa wengi. Zamu yetu ilifika karibu saa 7 mchana. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika ubeti wa pili gitaa likaanza kukwaruza kama mtu mwenye mafua, kisha likanyamaza kabisa. Vijana walimaliza wimbo kwa sauti zao tu, macho chini.

Tulipotoka nje minong'ono ikaanza. "Betri ya jana haiwezi kwisha leo." "Huyu ameweka ya zamani, hela ameila." Mzee mmoja alimwuliza kijana risiti iko wapi. Risiti hakuwa nayo, kwa maana alinunua katika duka dogo la mtaani. Alinitazama mimi, akingoja niseme neno. Sikusema. Nitawaambia ukweli, wapendwa: moyoni mwangu nami niliamini kwamba amekula hela.

Wiki mbili kijana hakuonekana mazoezini. Siku moja mama yake, mjane anayeuza viazi sokoni, alinisimamisha njiani. "Dada," aliniambia kwa upole, "mwanangu amesema hawezi kurudi mahali anapoitwa mwizi. Mimi sina la kumwambia. Wewe unalo?"

Usiku ule sikulala vizuri. Miaka zaidi ya 20 wodini nimewafundisha wanafunzi kwamba hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Kumbe mtoto wa mwenzangu nilimhukumu bila kupima chochote! Basi nilipopata safari ya Makambako nililibeba gitaa, vilevile lilivyo ndani ya mfuko wake, nikalipeleka kwa fundi redio.

Fundi alifungua mfuko, akatazama, akacheka. Waya wa gitaa ulikuwa umeviringishwa vizuri, lakini kichwa chake kilikuwa bado kimechomekwa gitaani. "Mama," akasema, "mwizi wako ni huyu hapa."

Alinieleza hivi. Katika magitaa mengi ya aina hii, tundu la kuchomeka waya ndilo swichi ya betri. Ukichomeka, njia ya umeme inafungwa na betri inaanza kufanya kazi. Ukichomoa, betri inapumzika. Haijalishi kama upande wa pili wa waya umefika kwenye spika au unaning'inia tu. Vijana wetu walikuwa wakiuacha waya gitaani ili usipotee, nao walidhani kwamba maadamu spika imezimwa, gitaa nalo limezimwa.

Kisha akatia betri mpya na kupima kwa mita yake. Fikirini betri kama debe la mahindi, na gitaa kama familia inayokula humo. Betri ya mraba ya alkalaini ikiwa mpya ina akiba ya kama miliampea 500 kwa saa moja. Gitaa lenye kisanduku cha kukuza sauti tu, bila mapambo, linaweza kula miliampea 1 hivi. Betri hiyo italilisha kwa saa kama 500. Lakini mwangwi una kazi kubwa, kwa sababu kuna mashine ndogo ndani inayopokea sauti, kuihifadhi na kuirudisha tena na tena kwa haraka sana. Gitaa letu, kitufe cha mwangwi kikiwa kimewashwa, lilikula miliampea 25. Gawanya 500 kwa 25, unapata saa 20.

Sasa hesabuni wenyewe. Tangu Jumamosi saa 11 jioni hadi Jumapili saa 7 mchana ni saa ngapi? Ni saa 20 kamili. Kijana alinunua betri mpya kweli. Betri ilipiga muziki usiku kucha ndani ya mfuko, bila mtu kuusikia.

Nilirudi Njombe na siku hiyohiyo nikaenda nyumbani kwao. Sikumwita kwangu, nilikwenda mimi. Nilimwambia mbele ya mama yake, "Mwanangu, nilikukosea. Nilinyamaza wakati nilipotakiwa kukusemea. Naomba unisamehe." Alikaa kimya kwa muda, kisha akaitika, "Nimekusamehe, mama." Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya nzima na wazee, nikaeleza habari ya waya na hesabu yote, maana mtu aliyesemwa hadharani hasafishwi kwa siri. Mzee yule wa risiti alimpa mkono. Kijana sasa amerudi.

Kwa ajili ya kwaya nyingine zenye magitaa kama letu, na kwa akina mama wenye watoto wapiga gitaa nyumbani, haya ndiyo tunayoyafuata siku hizi.

Kwanza, chomoa waya kwenye gitaa kila mnapomaliza, hata mapumziko ya chai. Tumeweka kijifuko cha kitambaa cha kutunzia waya, nao haupotei.

Pili, zima mwangwi mahali usipohitajika. Sisi tunautumia kwa nyimbo mbili tatu tu. Wapo pia watengenezaji, kama Yamaha tangu mwaka 2016, wanaotoa gitaa kavu ambalo mbao zake zenyewe hutikiswa na kifaa kilichomo ndani, hata mwangwi ukasikika bila spika yoyote. Ni jambo la kupendeza, lakini kutikisa mbao nako kunataka nguvu. Mwenye gitaa la namna hiyo asiende safarini bila betri za akiba.

Tatu, andika tarehe. Wodini kila mgonjwa ana karatasi yake kitandani. Betri yetu nayo ina kipande cha plasta chenye tarehe iliyowekwa, na katika daftari tunaandika saa za mazoezi. Daftari hilo linatunza betri na linatunza jina la mtu.

Nne, sikiliza dalili. Sauti ikianza kukwaruza au kufifia, betri inaaga. Mwenye mita akipima na kukuta volti 7 au chini yake, abadilishe kabla ya ibada.

Tano, usidanganyike na bei. Zile betri za bei ya chini zisizo za alkalaini zina akiba ndogo, na huvuja maji yake mapema na kuharibu kisanduku. Ziko pia za mraba za kuchaji. Akiba yake kwa mara moja ni ndogo kuliko ya alkalaini, lakini hutumika mara nyingi, hivyo kwa mazoezi zinafaa. Gitaa likikaa miezi bila kupigwa, toa betri.

Sita, jihadhari na baridi. Huku kwetu Juni na Julai betri iliyolala kwenye stoo huamka dhaifu, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya kazi yake ya ndani. Laza gitaa ndani ya nyumba. Usianike betri juani wala kuisogeza karibu na moto, maana inaweza kupasuka.

Na ikizimika katikati ya wimbo? Msisimame kama tulivyosimama sisi. Leteni kipaza sauti mbele ya tundu la gitaa na kuendelea. Gitaa kavu ni mbao na nyuzi. Lililia kabla ya betri kuwapo.

Sasa nifike kwenye lile lililonirudisha kwenye uuguzi. Siku nilipolifungua gitaa nyumbani, mjukuu wangu wa miaka miwili alikimbilia mfukoni na kuchomoa kile kifaa kidogo kinachobanwa kichwani mwa gitaa ili kusawazisha nyuzi. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea. Ndani mna betri bapa, ya mviringo, inayong'aa kama sarafu. Nilimwahi ikiwa tayari iko mkononi, inakwenda mdomoni.

Akina mama, betri hiyo ni hatari kuliko sarafu. Upana wake ni milimita 20, kiasi cha kukwama kwenye koo la chakula la mtoto mdogo. Ikikwama kwenye mate inaanza kupitisha umeme na kutengeneza kemikali kali inayounguza nyama ya koo. Ndani ya saa 2 tu inaweza kuleta kidonda kibaya. Nayo betri iliyokwisha kwa kifaa haijaisha kwa mtoto. Nguvu iliyobaki inatosha kumwunguza.

Ukihisi mtoto amemeza, usingoje dalili. Wengine hutokwa na mate mengi, hukohoa au hukataa chakula, lakini wengine hawaonyeshi lolote mwanzoni. Usimtapishe. Usimpe chakula. Mkimbize hospitali yenye eksirei na useme wazi kwamba ni betri. Kama amezidi mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe njiani asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, visizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua, lakini haiitoi betri, kwa hiyo usichelewe kwa kuitafuta. Aliye chini ya mwaka mmoja usimpe asali kabisa.

Betri zilizokwisha, za mviringo na za mraba, zibandikeni plasta kwenye ncha zake na kuzifungia kwenye kopo lililo juu, mbali na watoto. Ile ya mraba usiitupe ndani ya mkoba wenye funguo na sarafu. Ncha zake ziko karibu karibu, na chuma kikizigusa zote mbili huwa moto hata kuunguza.

Hesabu ya saa 20 nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari la kwaya, juu ya majina yote. Kila ninapolifungua namkumbuka yule mama wa viazi na swali lake. Je, nyumbani kwako au usharikani kwako, yupo mtoto anayengoja useme neno? Pima kwanza, mama, kisha useme.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda, tuzungumzie kikohozi cha msimu wa baridi.