Daktari akikosea: pingu au fidia?

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa. Aliyepaswa kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili baadaye alifariki. Mapema 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa asiyehusika alifunguliwa fuvu, na baada ya saa kadhaa madaktari wakagundua kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haimo.

Sisi tuliokulia Tanzania kisha tukarudi Rwanda, pamoja na ndugu zetu wanaovuka Rusumo kila juma na mizigo yao, habari hizi tunazisimulia mpaka leo. Na kila zinaposimuliwa hukumu ni moja: daktari afungwe! Naomba kutofautiana na wasemaji hao.

Tutazame lile la Nairobi. Hospitali ilimsimamisha kazi daktari aliyekuwa akisomea ubingwa, pamoja na wauguzi na mtoa dawa ya usingizi. Madaktari wenzake wakaandamana, wakidai kwamba kosa lilianzia wodini, pale mgonjwa alipobandikwa jina lisilo lake. Kama ndivyo, ukimfunga mwenye kisu, yule mgonjwa wa kesho amelindwa na nini? Lebo bado ni ile ile.

Sisemi kwamba madaktari wasiguswe. Mwaka 2011, katika hospitali ya Nakaseke nchini Uganda, mama mmoja alifika akiwa na uchungu wa kuzaa uliokwama, akasubiri saa nyingi, na daktari wa zamu hakuwepo. Mama akafa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiwajibisha serikali ya wilaya na kuamuru familia ilipwe shilingi milioni 35 za Uganda. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaenda mbali zaidi, ikasema kushindwa kwa serikali kutoa huduma za msingi za uzazi kunavunja haki ya kuishi. Kwangu mimi, daktari aliyekuwepo akajitahidi akakosea, na daktari ambaye zamu ni yake lakini hayupo, hao si watu wa kuwekwa kapu moja. Wa pili sina huruma naye hata kidogo.

Hapa Rwanda sheria ya Januari 2013 ilianzisha bima ya dhima ya kitaaluma kwa wanaotoa tiba. Maana yake ni kwamba fidia ya aliyeumizwa isitegemee mshahara wa daktari mmoja, ambao sote tunajua ulivyo. Ni sheria nzuri. Lakini kudai kunahitaji ushahidi, na ushahidi umo ndani ya faili, na faili linakaa kwa yule yule unayemdai. Nani kati ya mama zetu wa sokoni ana nakala ya karatasi yake ya rufaa? Wengi huondoka na dawa na risiti ya mituweli tu. Ndugu zangu, ombeni karatasi zenu siku ile ile mnayoruhusiwa kutoka.

Kuna jambo lingine ambalo wapiga kelele za pingu hawalioni. Daktari kijana anayeogopa jela hujifunza haraka njia ya kujiokoa: anaandika rufaa. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 150. Mgonjwa aliyeweza kupasuliwa karibu anapakiwa kwenye gari la wagonjwa, na akifia njiani, hakuna aliyeshika kisu, hakuna wa kulaumiwa. Hesabu hiyo inatisha, nayo hakuna mahakama inayoisikiliza.

Halafu kuna idhini. Mke yuko mezani, mume ni mchuuzi, yuko ng'ambo Ngara na simu haipokelewi. Ndugu wa mume wanasema asubiriwe. Daktari akisubiri, mama na mtoto wanakwenda. Akipasua, kesho ukoo mzima uko mlangoni. Maadili ya udaktari yako wazi hapa: mwenye mwili ndiye mwenye kauli, na akiwa hajitambui na hali ni ya dharura, uhai unaokolewa kwanza. Ila maadili hayo wakwe hawajaelezwa.

Na mwenye mwili mwenyewe anaelezwa kwa lugha gani? Walimu tuliosoma ng'ambo huitwa mara kwa mara kutafsiri. Nimewahi kukuta dereva wa lori kutoka Dar es Salaam, asiyejua Kinyarwanda, ameshatia sahihi fomu ya upasuaji iliyoandikwa Kiingereza. Nilipomuuliza ametia sahihi ya nini, akajibu, "Mwalimu, wameniambia niandike hapa." Sahihi ya namna hiyo haimlindi mgonjwa, na daktari naye asidhani inamlinda.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Kiko kwenye sheria na kiko darasani kwangu; kwenye fomu ya idhini ya hospitali zetu za mpakani mimi bado sijakiona. Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja au miwili. Wizara ikinipa, nitaitafsiri bila malipo likizo ijayo, na nitashukuru wakinirudishia wakaisahihisha.