Chui wa Unguja na Hoja ya "Wapo Bara"

Kila atajwapo chui wa Unguja barazani, hakosi wa kujibu: ati hakuna kilichopotea, chui wapo tele bara. Jibu hilo limepata hata nguzo za kitaalamu. Mwaka 1932 Reginald Pocock, mtaalamu wa wanyama wa London, alimpambanua chui huyu kuwa tawi la peke yake. Mwaka 2017 wataalamu wa jamii ya paka wakamrudisha katika kundi moja na chui wote wa Afrika. Basi, huulizwa, kama hakuwa hata spishi mbali, matanga ya nini?

Hoja hiyo imekwenda kichwa chini miguu juu. Spishi haizaliwi siku moja ikakabidhiwa cheti. Huanza kwa kutengwa. Katika enzi ya barafu iliyopita bahari ilikuwa chini kwa kiasi cha mita 120, na Unguja ilikuwa kipande cha bara. Barafu ilipoyeyuka, yapata miaka 10,000 iliyopita, maji yakajaza mkondo, na chui waliobaki upande huu wakawa hawana wa kuzaliana nao ila wao kwa wao. Kisiwa hakina pundamilia wala nyumbu. Kina paa na kima. Mwili mdogo ukafaa. Badiliko lililomtokea mmoja halikuzimuliwa tena na damu ya bara, likarithiwa, likaenea. Ngozi chache zilizohifadhiwa katika makumbusho zinashuhudia: madoa ya mviringo yamevunjika yakawa vidoa vidogo vilivyosongamana. Atakaye kuona njia hiyo inafika wapi na avuke aende Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, tena zamani mno kuliko Unguja. Popo wake mkubwa, bundi wake, ninga wake na chozi wake hawapatikani pengine popote duniani. Chui wa Unguja alikuwa njiani.

Wala hakuanguka mwenyewe. Misitu ilifyekwa, paa wakawindwa, naye akasukumwa kwenye mabanda ya mbuzi na kuku. Juu ya hayo palikuwa na imani kwamba chui hufugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu. Na baada ya Mapinduzi ya 1964, kampeni iliyojulikana kwa jina la Kitanzi iliwaandama wachawi na chui kwa pamoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikwisha kukata tamaa. Mkanda wa kamera uliooneshwa mwaka 2018 uliwafurahisha wengi, lakini hata akiwapo mmoja, mmoja hazai.

Wapo pia wasemao kwamba kutoweka ni ada ya maumbile. Naam, na kufa ni ada ya wanadamu. Bado hakuna hakimu amwachiaye muuaji kwa utetezi huo.

Na sasa jibu lile lile la baraza linanong'onwa juu ya paa nunga: wapo Kenya. Ni kweli, wamesalia katika misitu michache ya pwani yake. Kima punju hana hata udhuru huo. Yeye ni wa Unguja tu, ukiacha wale wachache waliohamishiwa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Naye bado hugongwa na magari barabarani Jozani, na vichaka vyake vinaendelea kukatwa. Siku atakapokwisha huyu, baraza litajibu kwamba wapo wapi?