MKONO MTUPU HAULAMBWI: TUZISAIDIE FILAMU ZA UKWELI

Wengi wetu hupenda filamu za risasi na mbio za magari. Lakini ziko nyingine ziitwazo dokumentari, zinazoonyesha watu halisi na dhiki zao. Hizo hutengenezwa kwa taabu nyingi, na maoni yangu ni kwamba sisi Wakenya wenyewe yatupasa kuzisaidia.

Chukueni mfano wa "The Letter" ya mwaka wa 2019, iliyotengenezwa na Maia Lekow na Christopher King. Inahusu nyanya wa miaka 95 huko Kilifi, anayesingiziwa uchawi na watu wa jamaa yake mwenyewe. Sote tumewahi kusikia redioni kwamba wazee wameuawa Kilifi kwa ajili ya uvumi kama huo. Habari yenyewe husomwa dakika moja, kisha tunaingia kwenye michezo. Filamu hii inakaa na ile familia mpaka mtazamaji anaona jinsi ugomvi wa shamba unavyojificha nyuma ya neno "mchawi". Jamani, tangu lini mvi zikawa ushahidi?

Mwaka wa 2015 naye Judy Kibinge alitoa "Scarred", kuhusu mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Humo walionusurika wanajisemea wenyewe.

Je, nani atalipia kazi kama hizi? Mwenye kiwanda cha sabuni hataki tangazo lake likae karibu na kilio cha mjane. Na ukilishwa na mkubwa, utamwuliza maswali gani? Ndiyo sababu Kibinge alianzisha Docubox, mfuko unaowasaidia watengenezaji huru wa Afrika Mashariki.

Wengine husema eti filamu hizi zinaiaibisha nchi. Hebu waulizeni: mbona "The Letter" ndiyo iliyochaguliwa kuiwakilisha Kenya katika tuzo za Oscar za 2021? Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Basi napendekeza Chama chetu kionyeshe dokumentari moja kila muhula, Ijumaa baada ya vipindi kabla hatujatawanyika kwenda makwetu. Tuwaombe wenyewe ruhusa, kila mwanachama atoe kiingilio cha shilingi ishirini, na tuache kununua nakala za wizi. Halafu tujadiliane kwa Kiswahili yale tuliyoyaona.

Shilingi ishirini ni bei ya maandazi mawili tu. Tutoe, wenzangu, kwani mkono mtupu haulambwi.