MATEMBEZI YA JAMII: Mji Usio na Reli Nao Una Njia Yake

Katika miji kadhaa ya ng'ambo imeenea desturi ya kuzigeuza reli zilizoachwa kuwa njia za watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Mjini New York ipo reli ya juu iliyojengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kupeleka shehena viwandani. Treni ya mwisho ilipita hapo mwaka 1980, na wapo waliotaka reli hiyo ibomolewe. Wenyeji waliitetea, na mwaka 2009 sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa kuwa bustani ya kutembelea. Mji wa Chicago nao ulifungua njia ya namna hiyo mwaka 2015, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4.

Ubora wa njia hizo una sababu mbili. Kwanza, gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza penye mwinuko mkali. Kwa hiyo wahandisi wa reli hukata vilima na kujaza mabonde ili njia ipande polepole, na mahali hapo hata mzee hutembea bila kuhema. Pili, reli ni ukanda mmoja wa ardhi ya umma ambao haukukatwa viwanja. Mtoto apitaye hapo hapishani na malori.

Nchini Uganda, reli ya magharibi ilifika Kasese mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe. Ilipita mbali upande wa kaskazini, na Mbarara haikuambulia hata stesheni. Treni za reli hiyo zilikoma katika miaka ya 1990. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba reli isiyo na treni ni shamba la wote. Ardhi yake ni mali ya Shirika la Reli la Uganda, na reli iliyolala huweza kuamshwa.

Je, jamaa wa Mbarara wakose mahali pa kutembea kwa kuwa hawana reli? La. Mji huo, uliobomolewa vibaya katika vita vya 1979 na kupewa hadhi ya jiji Julai 1, 2020, una ukanda wa asili ulio mzuri kuliko reli: kingo za mto Rwizi. Maji nayo hukwepa miinuko, na anayefuata mto huenda tambarare. Tena kanuni za mazingira za mwaka 2000 huweka eneo la hifadhi kandokando ya mito, lisijengwe wala kulimwa ovyo. Eneo hilo lingeweza kupitisha njia nyembamba ya miguu, chini ya miti, bila kudhuru mto.

Lakini hapa ndipo penye jambo zito. Kingo za Rwizi zimemegwa kwa miaka mingi. Huyu amelima mpaka majini, yule amechimba mchanga, mwingine amefyatua matofali. Kila kipande kinachomegwa huupunguzia mto nguvu na mji nafasi. Reli ya New York iliokolewa kwa sababu ilikuwa bado nzima. Ukanda uliokwisha kugawanywa viwanja haurudi tena kwa urahisi, na watoto wa mji hubaki na ukingo wa barabara kuu kuwa uwanja wao wa matembezi.

Kwa mwenye baiskeli na mapafu ya kutosha, ipo safari ndefu zaidi: kutoka Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, mwendo wa kilomita 60 hivi. Barabara ya lami iendayo Kikagati hupita Kaberebere na kufika Isingiro kati ya migomba iliyofunika vilima. Humo mpanda baiskeli hukutana na wenzake wenye mikungu ya ndizi iliyofungwa nyuma na ubavuni, wakisukuma mlimani na kushuka kwa tahadhari. Kisha lami huachwa na udongo mwekundu huanza, mpaka ziwa Nakivale lionekane. Maji ya Rwizi nayo huelekea upande huo wa mashariki, kwenye maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivali.

Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wakiingia. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Sokoni Kiswahili huwapatanisha muuzaji na mnunuzi wasiojua lugha ya mama ya kila mmoja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humpa mkimbizi haki ya kwenda na kurudi na kufanya kazi. Kwa hiyo mtu asukumaye baiskeli yenye mzigo barabarani, awe mwenyeji au mkimbizi, yu katika haki yake, na askari mwema humlinda badala ya kumsumbua. Mgeni naye aripoti kwanza katika ofisi ya msimamizi wa makazi, na asipige picha za watu bila idhini yao. Nakivale ni nyumbani kwa watu, si maonyesho.

Kabla ya kuondoka, wazazi wazingatie yafuatayo. Mwendo wa kawaida wa miguu ni kilomita 5 kwa saa. Kwa hiyo watoto wapelekwe Nakivale kwa gari na watembee huko huko, nao watu wazima ndio waende kwa baiskeli. Safari ianze alfajiri, kwa maana jua la mchana ni kali na giza huingia saa moja jioni mwaka mzima. Miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, udongo mwekundu huwa utelezi. Breki za mbele na nyuma zikaguliwe, na pampu, viraka na gundi visisahauliwe. Maji yachemshwe usiku, na viazi vitamu na ndizi vifungwe katika majani. Jioni watoto wasikaribie ukingo wa ziwa, kwani viboko hutoka majini kula majani.

Barabarani, magari ya Uganda hupita kushoto. Mwenda kwa miguu na ashike upande wa kulia ili aone kinachomjia, na mwenye baiskeli afuate kushoto pamoja na magari. Mwaka 2012 Serikali ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, inayomtambua mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli kuwa wenye haki barabarani. Sera hiyo huanza kuwa na nguvu pale dereva wa gari la serikali anapopunguza mwendo kumpisha mama mwenye mtoto mgongoni.

Familia zilizoko Makenke na katika nyumba za polisi zinaweza kuanza Jumapili yoyote, kwa saa moja tu kando ya Rwizi. Watakaozoea kupita hapo ndio watakaokuwa wa kwanza kuuliza siku watakapokuta ukingo umezungushiwa seng'enge. Njia ipitwayo na watu wengi haichukuliwi kimyakimya.